Tupime macho ya rubani, si msamiati wake

Waulize wanafunzi hodari wa Hisabati na Fizikia katika shule yoyote nchini wangependa kufanya kazi gani baadaye, na hukosi mmoja au wawili watakaokujibu bila kusita: urubani. Hamu hiyo haishangazi. Neno rubani lenyewe lina hadhi ya miaka mingi. Lilitufikia kutoka Kiarabu kwa njia ya bahari, likawa jina la yule mjuzi aliyeongoza chombo kikaepuka miamba na mafungu ya mchanga, na ndege zilipokuja neno likapaa nazo. Kazi ikabadilika, heshima ikabaki.

Hata hivyo, kuna kikwazo kimoja ambacho aghalabu hakitajwi shuleni hata kidogo. Kijana hufaulu mitihani yake, mzazi akauza ng'ombe au kipande cha shamba, na ada ya chuo cha urubani ikaanza kulipwa, ada ambayo si ya maelfu bali ni ya mamilioni ya shilingi. Kisha siku moja kijana huketi mbele ya daktari anayewapima marubani, akafunguliwa kitabu chenye miduara iliyojaa vitone vya rangi, akaulizwa: "Unaona nambari gani?" Yeye haoni nambari yoyote. Anaona vitone tu. Hapo ndipo anapojua, akiwa na umri wa miaka 19 au 20, jambo ambalo lilikuwa naye tangu tumboni mwa mamake.

Mimi si daktari wala rubani. Taaluma yangu ni isimu, na huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika chumba cha daktari wa macho. Ninachotafuta ni maneno. Suala hili limezongwa na maneno yanayopotosha, na upotoshaji huo una gharama: unaweza kuwafungia nje wanaoiweza kazi na kuwaingiza wasioiweza. Dai langu ni kwamba anayeomba leseni ya urubani apimwe uwezo wa macho yake kutofautisha rangi zinazohitajika kazini, kwa kipimo kinachoonyesha kiwango cha upungufu wake, na aanze kupimwa mapema, akiwa bado shuleni. Asihukumiwe kwa jina alilobandikwa, wala kwa majina ya rangi anayoyajua.

Tuanze na hilo jina alilobandikwa. Tumezoea kuiita hali hii upofu wa rangi, na kwa wengi wanaoitwa hivyo jina hilo ni uongo mtupu. Kipofu haoni, huyu anaona, tena anaona rangi nyingi tu. Ndani ya retina ya jicho mna chembechembe ziitwazo koni, na kwa kawaida huwa za aina tatu, kila aina ikiitikia zaidi sehemu fulani ya mwanga. Ubongo hulinganisha taarifa za aina hizo tatu, na kutokana na ulinganishi huo tunapata rangi. Baadhi ya watu wamekosa aina moja kabisa. Wengine, na hawa ndio wengi zaidi, wana aina zote tatu, ila moja imepotoka kidogo au sana, hivi kwamba kazi yake inakaribiana mno na ya mwenzake. Matokeo ni kwamba nyekundu, kijani, kahawia na machungwa huanza kuingiliana. Kati ya aliyepotoka kidogo na aliyekosa aina nzima ya koni pana umbali mkubwa sana, lakini neno upofu linawafunga wote katika mtumba mmoja.

Mmoja wa watu wa kwanza kuieleza hali hii kisayansi alikuwa nayo mwenyewe. Mwanakemia Mwingereza John Dalton alisoma makala kuhusu macho yake mbele ya wasomi wa Manchester mwaka 1794. Alidhani kwamba ugiligili ulio ndani ya jicho lake ulikuwa na rangi ya samawati, akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alipokufa mwaka 1844 ugiligili ulipatikana kuwa safi kabisa. Mabaki ya jicho yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walichunguza jeni zilizokuwamo wakathibitisha kwamba Dalton alikosa koni za mawimbi ya kati ya mwanga. Mtu aliyeweka msingi wa nadharia ya kisasa ya atomu hakuwa na macho ambayo daktari wa marubani angeyapitisha.

Kasoro hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, aliyoipata kwa mamake. Mwanamke anazo mbili, na iliyo nzima humkinga. Ndiyo maana miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya kasoro hii huwapata takriban wanaume 8 katika kila 100, ilhali kwa wanawake ni kama mmoja katika kila 200. Miongoni mwa Waafrika kiwango kilichopatikana kwa kawaida ni cha chini kuliko hicho, lakini hakijawahi kuwa sifuri. Hata tukikadiria wavulana wawili tu katika kila mia, shule ya wavulana 1,000 ina vijana 20 wa aina hii, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa. Kijana anayetaka fununu ya mapema asimtazame babake. Amwulize mjomba wake, au babu mzaa mama, iwapo amewahi kugombezwa kwa kuchuma buni mbichi na kuziacha zilizoiva.

Mwalimu atauliza: inawezekanaje mtoto akafika kidato cha nne bila mtu kugundua? Jibu liko katika lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezipa majina ya vitu. Kijani kimetoka kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Wataalamu Brent Berlin na Paul Kay, waliochapisha utafiti wao kuhusu majina ya rangi mwaka 1969, walikijumuisha Kiswahili katika lugha walizozichunguza, na mpangilio wa vivumishi vyetu vitatu unaafikiana vyema na hoja yao kwamba nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo hutangulia kupata majina katika lugha za ulimwengu.

Sasa mtazame mtoto mwenye upungufu. Mwoneshe nyasi umwulize ni za rangi gani, atakwambia kijani. Mwoneshe jivu, atasema kijivu. Hajibu kwa macho. Anajibu kwa sarufi. Lugha imemnong'onezea jibu ndani ya neno lenyewe. Mtoto huyu hujifunza kwamba mbingu ni samawati na damu ni nyekundu kama anavyojifunza kwamba Nairobi ndio mji mkuu, yaani kwa kuambiwa. Ukimpa kalamu zisizo na maandishi ndipo mambo humwendea kombo, naye huwa amekwisha kujifunza kumwangalia jirani.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mwaka 1858 William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alichunguza maneno ya rangi katika tungo za Homer, na kwa kuyaona machache akadhani kwamba hisia ya rangi ya Wayunani wa kale ilikuwa changa. Waliofuata wakaieneza dhana hiyo kwa watu wa mabara mengine. Maswali yalipopelekwa sehemu mbalimbali za dunia katika miaka ya 1870, ikabainika kwamba watu wenye maneno machache ya rangi huzitofautisha rangi sawasawa na wenye maneno mengi. Ufukara wa msamiati si ufukara wa jicho. Mkulima asiyekuwa na neno la kutenganisha kijani na samawati hawezi kudanganywa na jani linaloanza kunyauka.

Inafurahisha kwamba waliobuni vipimo vya kwanza walilijua hili. Baada ya ajali ya treni iliyotokea Lagerlunda, Uswidi, mwaka 1875, Profesa Frithiof Holmgren alidai kwamba mmoja wa wafanyakazi wa reli hakuweza kutambua rangi za ishara. Wanahistoria wa baadaye wameutilia shaka ushahidi wake, lakini kipimo alichokieneza kilikuwa cha busara: mtu alipewa rundo la nyuzi za sufu akatakiwa achague zinazofanana na uzi fulani. Hakuulizwa jina la rangi yoyote. Daktari Shinobu Ishihara wa Japani, ambaye kitabu chake cha vitone kilichapishwa mwaka 1917, aliongeza kurasa zenye njia zinazopindapinda ili asiyejua kusoma tarakimu afuate njia kwa kidole. Naye pia hakutaka jicho lihukumiwe kwa ulimi. Mpimaji wa leo anayemwonesha kijana kitambaa na kumwuliza, "Hii ni rangi gani?" amerudi nyuma ya Holmgren kwa karibu karne moja na nusu.

Je, rubani anahitaji rangi kweli? Anazihitaji, na sitaki kulipuuza jambo hili kwa sababu tu nawahurumia vijana. Ndege huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na ya kijani kwenye bawa la kulia, mpango ulioazimwa kutoka melini kama lilivyoazimwa neno rubani, na kwa hizo rubani wa usiku hujua ndege nyingine inaelekea wapi. Redio ikiharibika, waongozaji walio mnarani humwelekezea rubani taa: kijani isiyomemeteka ina maana kwamba ameruhusiwa kutua, nyekundu humwambia aipishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka. Mwanzo wa njia ya kutua una taa za kijani, mwisho wake nyekundu, na kingo za barabara ambazo ndege hupitia kwenda kuegeshwa huwa na taa za samawati.

Muhimu kuliko zote ni mtambo uitwao PAPI, taa nne zilizopangwa kwa safu kando ya njia ya kutua. Ndege ikiwa kwenye mteremko unaofaa, rubani huona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Nyeupe zote nne humwambia yuko juu mno. Nyekundu zote nne, yuko chini mno. Hapa hakuna umbo wala maandishi ya kumsaidia. Ni rangi peke yake. (Msomaji atagundua kwamba nyeupe na nyekundu ni miongoni mwa vile vivumishi vyetu vitatu, hata bibi yangu asiyejua neno la Kiingereza angekuwa na msamiati wa kutosha kuisoma PAPI.)

Wanaotetea marufuku kamili wana mfano mzito, nao ni wa haki kutajwa. Alfajiri ya tarehe 26 Julai 2002, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya Boeing 727 iligonga miti ikaanguka kabla ya kuifikia njia ya kutua huko Tallahassee, Florida. Watu watatu waliokuwamo waliumia vibaya lakini wakanusurika. PAPI ilikuwa ikiwaka. Aliyekuwa akiiendesha ndege wakati huo ni rubani msaidizi, na bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri iliutaja upungufu wake wa kuona rangi miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Lakini tuisome taarifa ile hadi mwisho. Bodi ilitaja pia uchovu wa nahodha na wa rubani msaidizi, kutofuata taratibu za kampuni, na kushindwa kwa nahodha na mhandisi wa ndege kufuatilia mteremko. Hao wawili hawakutajwa kuwa na kasoro ya rangi, na taa zilikuwa mbele yao. Zaidi ya hayo, rubani msaidizi hakuwa mtu aliyejipenyeza kwa siri. Kasoro yake ilijulikana na alikuwa amepewa kibali rasmi. Uchunguzi wa kina uliofanywa baada ya ajali ndio uliodhihirisha kwamba upungufu wenyewe ulikuwa mkubwa. Kwa hivyo Tallahassee haituthibitishii kwamba kila mwenye upungufu ni hatari. Inatuthibitishia kwamba kipimo kisichoonyesha kiwango kinaweza kumpitisha asiyestahili kwa urahisi uleule kinaoweza kumkataa anayestahili.

Hapa ndipo napenda sheria isomwe kwa jicho la mwanaisimu. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ofisi yake ya kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika iko papa hapa Nairobi. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndicho kinachoweka viwango vya leseni. Kitenzi kinachotumiwa humo kuhusu jambo hili ni kutambua kwa macho, na tena bila kusitasita, rangi zile ambazo kuzitambua kwake ni lazima kwa usalama wa kazi. Hakuna mahali panapotakiwa macho makamilifu. Mwombaji huanza na kurasa za vitone, zikitazamwa katika mwanga wa mchana au taa inayolingana nao. Akishindwa hapo, safari haijaisha: anaweza kukubaliwa akionyesha kwamba anazitofautisha barabara rangi zinazotumiwa katika urukaji na kuzitambua taa za ndege. Akishindwa hapo pia, bado Daraja la Pili la cheti cha afya, ambalo ndilo la rubani asiyelipwa, linaweza kutolewa kwa sharti la kuruka mchana tu. Sheria ina milango mitatu. Vijana wengi huambiwa habari za mlango mmoja, na kuonyeshwa kwamba umefungwa.

Mataifa mengine yamelivalia njuga suala la mlango wa pili. Nchini Australia daktari Arthur Pape, ambaye mwenyewe ana upungufu huu, aliipeleka mamlaka ya ndege mbele ya baraza la rufaa mwaka 1987, na mwaka 1989 kesi nyingine, ya Denison, ikaufungua mlango zaidi. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa marubani wa aina hii wameendesha ndege za abiria nchini humo. Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha City, London, wakishirikiana na mamlaka ya ndege ya nchi hiyo, walitoa ripoti mwaka 2009 kuhusu kipimo cha kompyuta kiitwacho CAD. Walilinganisha alama za kipimo hicho na uwezo wa mtu kuisoma PAPI, wakapata kwamba takriban 35 katika kila waombaji 100 wenye upungufu waliisoma sawasawa na watu wengine. Hao ni wale ambao kitabu cha vitone peke yake kingewakataa. Marekani nayo, kuanzia Januari 2025, imewataka waombaji wapya wapimwe kwa vipimo vya kompyuta.

Kipimo cha kompyuta kina manufaa mengine ambayo walimu wataelewa upesi kuliko madaktari. Kurasa za Ishihara ni zilezile tangu enzi za mababu zetu, na anayezikariri hupita. Sisi tunaofundisha tunawajua wakariri. Kompyuta huonesha rangi bila mpangilio wa kutabirika, kisha hutoa alama inayosema upungufu ni wa aina gani na wa kiasi gani. Inamzuia mkariri na inamtetea mnyofu. Ningependa mamlaka yetu iueleze umma kwa Kiswahili na Kiingereza sanifu ni kipimo gani kinachotambuliwa nchini baada ya kitabu cha vitone, kinapatikana wapi na kwa malipo gani, ili mzazi wa Busia na wa Taita asitegemee uvumi wa mitaani.

Nije kwa walimu wenzangu wa shule, hasa wa Kemia. Mwanafunzi akitia haidroksaidi ya sodiamu katika chumvi ya chuma, anatakiwa aseme iwapo mashapo ni ya kijani au ya kahawia iliyoelekea wekundu, na kwa hilo aamue ni chuma ya aina ya pili au ya tatu. Kijani na kahawia! Ungetafuta jozi ya rangi ya kumtesa kijana huyu usingepata iliyo kali zaidi. Alama zake hupotea, na katika ripoti huandikwa kwamba hana makini. Mwanafunzi anayefanya vyema katika nadharia na kuharibu kila jaribio lenye rangi asiitwe mzembe kabla hajapimwa macho. Wanafunzi wa Gredi ya 9 wanapochagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, habari hii ingewafaa kuliko hotuba nyingi za uelekezaji.

Kipimo cha awali hakihitaji mtaalamu adimu. Kinahitaji kitabu halisi, si nakala iliyopigwa chapa wala picha ya simu, na meza iliyo karibu na dirisha wakati wa mchana. Mwalimu asitoe hukumu. Kazi yake ni kumwelekeza mwanafunzi kwa daktari wa macho. Na yeyote atakayemwuzia kijana miwani au lenzi za rangi kwa ahadi ya kumtibu aepukwe, kwa sababu miwani hiyo haibadilishi koni, na mamlaka za ndege za Marekani na Ulaya haziikubali katika uchunguzi wa marubani.

Mzazi naye, kabla hajalipa shilingi ya kwanza ya ada, ampeleke mwanawe akapate cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, maana bila hicho leseni ya kibiashara haipatikani hata akifaulu masomo yote. Akiambiwa kwamba kijana ameanguka kipimo cha rangi, asiondoke na neno upofu pekee. Adai kujua upungufu ni wa aina gani, ni wa kiwango gani, na kipimo cha pili kitafanywa lini. Nacho kitabu kimoja cha Ishihara, kikifichwa mbali na jua ili rangi zake zisipauke, kinaweza kuzihudumia shule zote za kata moja kwa miaka mingi.